Watoto wa nyumba moja, malaria tofauti: siri iliyo kwenye utando wa damu

Kuna swali linalotufikia kila mvua zinapokolea na mbu wanapoongezeka. Mzazi ana watoto wawili. Wanalala kitanda kimoja, chini ya chandarua kimoja, wanakula chungu kimoja. Mmoja akipata malaria anaumwa siku mbili, anameza dawa, anarudi kucheza. Mwenzake anapata degedege, anaishiwa damu, analazwa. Kwa nini?

Katika vijiji vyetu jibu mara nyingi hutafutwa kwa jirani. Nani amemwonea kijicho huyu mtoto? Nani alipita hapa jana jioni? Wazee wengi hueleza kwamba jina lenyewe la Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi", na bado tunajua nyumba ngapi zimegombana na ndugu ngapi wamenuniana kwa sababu ya mtoto aliyeugua ghafla. Kibaya zaidi, muda unaotumika kumtafuta mchawi ndio muda ambao mtoto alipaswa kuwa zahanati.

Leo tunaeleza sehemu moja ya jibu. Haikupatikana kwa kupiga ramli. Ilipatikana kwa kutazama ngozi ya chembe moja ya damu kwa hadubini, na damu yenyewe ilitoka kwa watoto wa hapa hapa Afrika Mashariki, Kilifi, pwani ya Kenya.

Sisi wa juu na wenzetu wa bondeni

Tuanze nyumbani. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Ukishuka kwenda Muze, Mtowisa au Ilemba, katika Bonde la Ziwa Rukwa, unashuka karibu mita 900 kwa safari ya saa chache. Hivyo hivyo ukienda Kasanga, Kipili au Kirando, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Koti ulilotoka nalo asubuhi linakuwa mzigo kabla ya adhuhuri.

Joto hilo ndilo linalopendwa na malaria. Kimelea cha malaria kinahitaji kukua kwanza ndani ya mbu kabla ya kuweza kumwambukiza mtu, na kwenye baridi kinakua polepole mno. Joto likishuka chini ya nyuzi 16 hivi, kimelea kibaya kuliko vyote, falsiparamu, hakimalizi safari yake ndani ya mbu. Ndiyo maana baridi ya Juni na Julai huku juu hutukinga kiasi.

Lakini kinga hiyo ya baridi ina gharama yake. Mtu aliyekulia bondeni ameumwa malaria mara nyingi tangu utotoni, na mwili wake umejifunza kupambana nayo. Aliyekulia huku juu hajajifunza sana. Akishuka kulima mpunga au kununua dagaa, akakaa wiki mbili bila chandarua, malaria inaweza kumwangusha vibaya hata kama ni mtu mzima mwenye nguvu.

Kwa hiyo mahali unapoishi ni sababu moja. Kinga uliyojijengea kwa kuugua ni sababu ya pili. Sababu ya tatu, ambayo ndiyo habari yetu ya leo, ni ile uliyozaliwa nayo: jinsi chembe zako za damu zilivyoumbwa.

Utando ni nini?

Chemsha maziwa, yaache yapoe. Juu yake hutanda ngozi nyembamba. Huo ni utando. Chembe ya damu nayo ina utando wake, ila wake unaizunguka pande zote.

Tone dogo la damu, la ukubwa wa milimita moja kila upande, lina chembe nyekundu kama milioni 5. Kila moja ina upana wa sehemu 7 au 8 za milimita iliyogawanywa mara elfu moja. Sasa fikiria utando wake. Unene wake ni nanomita 5 hivi, na nanomita ni milimita iliyogawanywa mara milioni moja. Ukipanga tando kama hizo 10,000 moja juu ya nyingine, ndipo unapoanza kukaribia unene wa unywele mmoja wa kichwani.

Utando huo umetengenezwa kwa mafuta. Mwaka 1925 Waholanzi wawili, Evert Gorter na François Grendel, walichukua chembe nyekundu za damu ya watu na ya wanyama, wakiwemo mbuzi na kondoo. Walitoa mafuta yaliyomo kwenye tando zake, wakayatandaza juu ya maji, kama mafuta yanavyotanda juu ya mchuzi. Walipopima walikuta yanafunika eneo karibu mara mbili ya eneo la chembe zenyewe. Wakaelewa: utando una tabaka mbili za mafuta zilizolaliana.

Ndani ya mafuta hayo kuna protini zilizochomekwa. Nyingine ni kama milango, nyingine kama vishikizo. Na kwa upande wa ndani, utando wa chembe nyekundu umetandikiwa wavu wa protini unaoushikilia. Wavu huo ndio unaoifanya chembe iwe laini na ngumu kwa wakati mmoja. Kwa siku 120 hivi za uhai wake chembe hiyo inapita kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe, inajikunja, inatoka upande wa pili, inarudi katika umbo lake.

Mwizi anavyoingia

Mbu akishamng'ata mtu, vimelea huanzia kwenye ini, kisha humwagika kwenye damu. Hapo kila kimelea kinatafuta chembe nyekundu ya kuingia. Hakina mdomo wala meno. Kinagusa chembe, kinajigeuza mpaka ncha yake ielekee kwenye utando, kinajishikiza, kisha kinausukuma utando ubonyee na kukizunguka, kama ngumi inavyozama kwenye gunia lisilojaa. Kikishazama, utando unajifunga nyuma yake. Kazi yote hiyo huchukua chini ya dakika moja.

Kikiwa ndani kinakula, kinazaana, na baada ya saa 48 hivi chembe inapasuka na kutoa vimelea vipya, kumi na kitu hadi thelathini. Kila kimoja kinatafuta chembe nyingine. Ndiyo maana homa hupanda na kushuka, na ndiyo maana mtoto anaweza kuishiwa damu ndani ya siku chache.

Mtu wa kwanza kuviona vimelea hivi alikuwa daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, mwaka 1880, akiwa Algeria. Aliviona kwenye damu ya mgonjwa kwa hadubini ya kawaida. Mpaka leo mtaalamu wa maabara wa hospitali zetu hufanya kazi ile ile: anapaka tone la damu kwenye kioo, analitia rangi, anachungulia.

Kupima kisichoonekana

Hadubini ya kawaida ina mpaka wake. Mwaka 1873 Mjerumani Ernst Abbe alieleza kwamba vitu viwili vilivyokaribiana kuliko nanomita 200 hivi vitaonekana kama kitu kimoja, hata lenzi iwe safi namna gani, kwa sababu ya tabia ya mwanga wenyewe. Utando wa nanomita 5 uko mbali sana chini ya mpaka huo.

Hapo ndipo anapoingia mtaalamu wa biofizikia, yaani mtu anayetumia vipimo vya fizikia, kama nguvu, mvutano na mtikisiko, kuelewa viumbe hai.

Utando wa chembe hai hautulii. Joto la mwili huufanya utetemeke muda wote, kama uso wa maji kwenye ndoo iliyobebwa. Wataalamu huiweka chembe chini ya hadubini yenye kamera ya kasi, wanapiga picha nyingi sana kwa muda mfupi, kisha kompyuta inaufuata ukingo wa chembe picha baada ya picha na kupima umesogea kiasi gani. Hawahitaji kuuona unene wa utando. Wanahitaji kuona unavyotetemeka.

Kila mpiga ngoma anajua sababu. Ngozi ya ngoma iliyolegea inabonyea na kuchezacheza, na sauti haitoki. Ndiyo maana kabla ya kupiga tunaiota motoni ikaze. Ngozi iliyokaza haichezi sana. Utando wa chembe ni hivyo hivyo: unaotetemeka sana umelegea, unaotetemeka kidogo umekaza. Kwa hesabu za fizikia, mtetemo huo unageuzwa kuwa namba ya mvutano.

Mmoja wa waliofanya kazi hiyo ni mwanabiofizikia Viola Introini. Alikuwa katika maabara ya Profesa Pietro Cicuta, kwenye idara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Miaka yake ya kazi imejaa jambo moja: kuangalia kimelea cha malaria kinavyokutana na utando wa chembe nyekundu. Mwaka 2018 yeye na wenzake walichapisha utafiti kuhusu dakika zile kabla kimelea hakijaingia. Mwaka 2022 wakachapisha mwingine kuhusu utando wa chembe za watu wenye talasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi. Baadaye alihamia Barcelona, Hispania, kuchunguza vimelea vinavyoiharibu mishipa ya damu ya ubongo, jambo ambalo sisi tunaliona kwa macho kama degedege na kupoteza fahamu. Lakini kazi yake iliyotugusa zaidi ni ya mwaka 2020, na haikuanzia Cambridge. Ilianzia Kilifi.

Damu ya watoto wa Kilifi

Kwamba damu ya kurithi inaweza kumkinga mtu na malaria si jambo geni kwetu. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya na kufanya uchunguzi Uganda na kwingineko Afrika Mashariki, alionyesha kwamba mtoto aliyerithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu anakingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Aliyerithi kutoka kwa wazazi wote wawili anaugua ugonjwa wa selimundu wenyewe. Kinga ile ina bei kali.

Kilifi kuna kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome kilichoanza mwaka 1989. Kwa miaka mingi watafiti wake wamelinganisha damu ya watoto waliougua malaria kali na ya wale ambao hawakuugua hivyo. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba aina moja adimu ya damu, iitwayo Dantu, inayoonekana zaidi sehemu za Afrika Mashariki, inapunguza hatari ya malaria kali kwa asilimia 40 hivi kwa aliyerithi nakala moja, na zaidi kwa aliyerithi nakala mbili, ya baba na ya mama.

Dantu inahusu protini zilizochomekwa kwenye utando wa chembe nyekundu. Kwa wenye Dantu, vinasaba viwili vinavyotengeneza protini hizo vimeungana na kuzaa protini chotara. Lakini inamkingaje mtu? Wengi walidhani kimelea kinakosa mlango wake tu.

Mtafiti wa Kenya Silvia Kariuki na wenzake walichukua damu ya watoto 42 wenye afya njema huko Kilifi: wengine hawana Dantu, wengine wana nakala moja, wengine mbili. Chembe ziligandishwa kwa baridi kali, zikasafirishwa hadi Cambridge. Huko waliweka vimelea vya falsiparamu pamoja na chembe hizo na kutazama.

Vimelea vilizigusa chembe zenye Dantu, vikajishikiza, lakini mara nyingi vilishindwa kuzama. Walipopima mitetemo ya tando, walikuta chembe zenye Dantu zina mvutano mkubwa kuliko za kawaida. Ngozi ya ngoma ilikuwa imekaza. Ngumi inasukuma, gunia halibonyei.

Kisha wakaona jambo la pili. Hata kwa mtoto asiye na Dantu, chembe hazifanani. Nyingine zimelegea, nyingine zimekaza. Na kwa watoto wote, vimelea viliingia zaidi kwenye zilizolegea. Kuna kiwango cha mvutano ambacho kikizidi, kimelea hakiingii kabisa. Wenye Dantu wana chembe nyingi zaidi zilizovuka kiwango hicho. Matokeo hayo yalichapishwa Septemba 2020 katika jarida la kisayansi la Nature.

Hawakuishia hapo. Mwaka 2023 timu ya Kilifi ilichapisha utafiti wa watu wazima waliojitolea kuwekewa vimelea vya malaria chini ya uangalizi wa madaktari. Ndani ya miili ya wenye Dantu, ukuaji wa vimelea ulizuiwa. Kilichoonekana chini ya hadubini kilionekana pia kwa mtu mzima anayetembea. Na tofauti na selimundu, mpaka sasa Dantu haijahusishwa na ugonjwa mzito unaoumiza mwenye nayo.

Hii inatusaidia nini?

Msikilizaji wa Laela au Matai anaweza kuuliza: utando wa nanomita 5 unanihusu nini mimi, na mtoto wangu ana homa sasa hivi?

Kwanza, unafungua njia za dawa na chanjo. Ukijua hatua ambazo mwizi anazipita mlangoni, unajua pa kumzuia. Kimelea kinatumia protini moja iitwayo RH5 kujishikiza kwenye chembe kabla ya kuzama. Chanjo inayolenga protini hiyo ilijaribiwa kwa watu wazima na watoto Bagamoyo, hapa Tanzania, na Taasisi ya Afya Ifakara pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford, na ilionekana kuwa salama. Baadaye ilijaribiwa kwa watoto wachanga Burkina Faso. Mwaka 2023 pekee malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani, wengi wao watoto wa Afrika, kwa hiyo kila mlango unaoweza kufungwa una thamani.

Pili, na hili ndilo letu la nyumbani, unatueleza kwamba tofauti ya watoto wawili wa nyumba moja inaweza kuwa ndani ya damu yao. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hawarithi vitu vile vile. Mmoja anaweza kuchukua kinga ya mama, mwenzake akaikosa, kama mmoja anavyochukua pua ya babu na mwingine asiichukue. Mtoto aliyelazwa hakurogwa, na mama yake hakukosea kumlea. Jirani naye hana deni la kulipa.

Tatu, hakuna anayeweza kujijua kwa macho. Kundi la damu unaloambiwa unapochangia damu, A, B, AB au O, halisemi kama una Dantu. Kwa hiyo asitokee mtu akasema, "Ukoo wetu malaria haitusumbui," akaacha kumpima mtoto. Hata mwenye Dantu hupata malaria. Inapungua hatari, haifutiki.

Basi ya kufanya yanabaki yale yale, na sasa tunajua sababu. Kila homa ipimwe, kwa kipimo cha haraka cha zahanati au kwa hadubini. Ikithibitika ni malaria isiyo kali, dawa mseto imezwe siku 3 zote, hata kama mtoto amepata nafuu siku ya pili, kwa sababu vimelea vilivyobaki bado vinatafuta chembe zilizolegea. Anayeshuka bondeni au ziwani kulima, kuvua au kufanya biashara achukue chandarua chake kama anavyochukua jembe. Akirudi huku juu akapata homa, hata baada ya wiki mbili au tatu, amweleze mhudumu alikotoka.

Na mtoto akionyesha mojawapo ya dalili hizi, asisubiri asubuhi wala asipelekwe kwingine kwanza: degedege, kulegea au kupoteza fahamu, kushindwa kunyonya au kula, kutapika kila anachopewa, kupumua kwa shida, viganja kuwa vyeupe, au mkojo wenye rangi nyeusi kama kahawa. Hiyo ni malaria kali au ugonjwa mwingine wa hatari. Kwa malaria kali zahanati ina dawa ya kuanzia kabla ya kumpa rufaa, na hospitali ina sindano na damu ya kuongezea.

Tunajua usiku ukiwa mrefu na mtoto akitetemeka, akili ya mzazi hutafuta wa kumlaumu. Ni ubinadamu. Lakini adui yule ni mdogo kuliko punje ya unga mara nyingi sana, anasukuma mlango wa chembe moja, kisha nyingine, na kila baada ya saa 48 wenzake wanaongezeka. Kila saa unayompelekea mtoto zahanati mapema ni chembe nyingi za damu umeziokoa. Kama umesoma hapa kwenye simu yako, msomee na bibi, na shangazi, na yeyote anayebaki na watoto wakati wewe uko shambani bondeni.